Kibao cha Kusimamishia Kete za Dhumna: Kinachoamua ni Mfuo

Wateja wanaofika karakana yangu hapa Mikindani kuagiza vifaa vya dhumna, yaani domino, huanza kwa kuuliza aina ya mbao, nami huanza kwa kuwaomba waniachie kete moja. Kibao cha kusimamishia kete, ambacho humfaa mzee mwenye vidole vilivyochoka au mtoto ambaye kiganja chake hakitoshi kete saba, hakichongeki vyema kabla ya unene wa kete kujulikana. Kete nyingi za dukani huwa na urefu wa karibu milimita 50, upana wa 25 na unene wa 10, lakini seti hutofautiana, na milimita moja tu inatosha kuharibu kazi.

Kwa kete ya unene wa milimita 10, mimi huchimba mfuo, yaani mtaro mwembamba ambamo kete husimama, wa upana wa 12 na kina cha 8, nikifuata mwelekeo wa nyuzinyuzi za mbao. Asiye na randa ya mifuo akate kingo mbili kwa msumeno wa meno madogo, akiuongoza kwa ubao ulionyooka, kisha aondoe nyama ya katikati kwa patasi. Nafasi ile ya milimita 2 huilaza kete kwa takriban digrii 15, na mafundi wengi huishia hapo, wakisahau kwamba kete yenye nafasi hulala upande wowote: ikimwinamia mchezaji hasomi nukta zake, na meza ikigongwa, kama inavyogongwa kwenye kila baraza la dhumna, huanguka kifudifudi. Dawa yake si kuchimba mfuo wa mshazari, kazi inayotesa mkono bila faida, bali ni kuuchimba wima kisha kupiga randa tako la kibao. Kibao cha upana wa milimita 50 kikipunguzwa 9 upande wa nyuma, uso wote huinama digrii 10, na kete zote hulala nyuma zenyewe. Urefu nauweka milimita 260, kwa sababu kete saba huchukua 175 tu, ila anayelazimika kuokota kete kutoka kwenye akiba ya zilizobaki mezani huzidi saba haraka.

Sanduku la kuhifadhia kete 28 halina mambo mengi: zikilazwa safu saba, kila safu kete nne zilizopandana, zinahitaji nafasi ya ndani ya takriban milimita 178 kwa 52, na kimo cha 41. Penye matatizo ni kifuniko cha kusukuma. Kusini huku mvua huja kwa msimu mmoja mrefu, na ubao huvimba kwa upana huku urefu wake ukibaki karibu vilevile. Basi nyuzinyuzi za kifuniko zielekee urefu wa sanduku, na kila ubavu uachiwe milimita moja ndani ya mfuo wake. Hapa ndipo ninapoipenda mninga, ambayo ikikaushwa vizuri haichezi sana. Mkorosho tunao tele, lakini kwa kazi hii siushauri.

Mpingo nauacha kwa vijiti vya kibao cha pointi, yaani kibao chenye matundu ambayo vijiti huchomekwa kuhesabia pointi, kwa kuwa masalia ya wachonga vinyago yanatosha kabisa, na kununua gogo kwa ajili ya vijiti ni ufujaji. Moyo wake mweusi huwa vijiti vya timu moja, na sehemu ya nje iliyo nyeupe huwa vya timu ya pili, bila rangi yoyote. Matundu ya kibao hicho, 100 kwa mistari minne ya 25, hupishana milimita 8, nayo hutobolewa kwa kigezo kimoja cha bati ili mistari isipinde. Vumbi la mpingo huwasha ngozi na kifua. Barakoa si pambo.

Umaliziaji uwe wa msasa namba 120, kisha 220, na nta ya nyuki. Mafuta ya nazi hayakauki, hunata vumbi na baadaye huvunda. Mafuta ya ganda la korosho, ambayo baadhi ya watu huyasifia kwa kuzuia wadudu, huunguza ngozi na hayafai kwa kitu cha kushikwa mkononi. Anayependelea vanishi aipake nje tu, kwa maana ikiingia kwenye mfuo huula ule upenyo wa milimita 2, na kwenye joto la Januari kete hung'ang'ania humo.