PP ni nini, na kwa nini gari la bei kubwa linaweza kukuangusha

Ukifungua Gran Turismo 7, gemu ya mbio za magari, kwa mara ya kwanza, macho hukimbilia kwenye mambo mawili: bei ya gari na nguvu zake za farasi. Pembeni kuna namba nyingine yenye herufi mbili, PP, na wengi huipita bila hata kuitupia jicho. Namba hiyo ndiyo inayoamua gari lako liruhusiwe mbio gani, na kwa hiyo ndiyo inayoamua baada ya wiki utakuwa na krediti ngapi, yaani pesa ya ndani ya gemu, mfukoni.

PP ni kifupi cha Performance Points, tuseme alama za uwezo. Gemu inachukua nguvu za injini, uzito, matairi, jinsi upepo unavyolikandamiza gari barabarani, na mambo mengine kadhaa, inapiga hesabu, kisha inakupa namba moja inayokadiria gari zima lina kasi kiasi gani uwanjani. Forza Horizon, gemu nyingine ya magari, nayo ina kitu kama hicho, inakiita PI (Performance Index), ila imekipangia madaraja. Katika Forza Horizon 5 daraja D linaishia 500, C ni 501 hadi 600, B inafika 700, A inafika 800, S1 inafika 900, S2 inafika 998, na 999 ni X, daraja la magari yasiyo na mwenzao. Jina tofauti, kazi ileile.

Mambo hayakuwa hivi tangu mwanzo. Katika Gran Turismo 2 ya mwaka 1999, mbio nyingi ziliwekewa kikomo cha nguvu za injini peke yake. Ukizidisha farasi unafungiwa mlango, ukipungukiwa unaingia. Tatizo ni kwamba farasi hawasemi ukweli wote. Chukua gari la farasi 200 lenye kilo 1,000, uliweke karibu na jingine la farasi 300 lenye kilo 1,800. Kwa haraka unaona la pili ni baba lao. Gawanya: la kwanza kila farasi anabeba kilo 5, la pili kila farasi anabeba kilo 6. Kwenye kona ndogondogo, pale unapofunga breki na kuondoka upya kila baada ya sekunde chache, lile jepesi litalichosha lile zito. PP ilikuja kuziba pengo hilo. Haizibi lote, nitafika huko.

Sasa pesa. Mbio kubwa za Gran Turismo 7 zimewekewa kikomo cha PP, na zinazolipa vizuri si lazima ziwe za magari makali. Ile ya World Touring Car 600 kwenye barabara za juu za Tokyo Expressway inakubali gari lisilozidi PP 600, yaani gari la kawaida la barabarani lililotengenezwa vizuri, na zawadi ya ushindi ni krediti 550,000. Ukimaliza bila kugonga watu wala kuta unaongezewa nusu ya zawadi, 275,000, jumla laki nane na elfu ishirini na tano. Gari la PP 900 huliingizi pale hata ukilia. Kwa hiyo anayeanza akikusanya krediti zake zote kununulia gari la ndoto, anaweza kujikuta na gari zuri la kuangalia gerejini na mbio chache sana za kulipeleka.

Ninajua kwa sababu nilifanya hivyohivyo. Laki zangu za kwanza niliziweka kwenye gari la kuvuta nyuma, farasi tele, matairi yaleyale liliyotoka nayo dukani. Kona ya kwanza, kabla sijaunyoosha usukani, nikaminya kitufe cha mafuta mpaka mwisho. Mkia ukatangulia. Nilipotazama skrini nilikuwa naangalia nilikotoka, na wenzangu wote wananipita mmoja mmoja kama msafara wa harusi. Nikarudia mara sita siku ile. Kosa halikuwa la gari. Nilinunua nguvu nikasahau mpira, na mpira ndio pekee unaogusa lami.

Gemu yenyewe inajaribu kukuepusha na hilo. Inakuanzisha na krediti 20,000 na kukutaka uchague kati ya magari matatu madogo: Toyota Aqua, Honda Fit Hybrid na Mazda Demio. Yote matatu yanavuta kwa magurudumu ya mbele. Gari la namna hiyo likizidiwa kwenye kona huwa linagoma kukata, linateleza kwenda nje taratibu, nawe unaachia mafuta kidogo linarudi. La kuvuta nyuma likizidiwa linageuka lenyewe, na kulirudisha ni ufundi unaohitaji muda. La magurudumu yote manne linashika vizuri wakati wa kuondoka lakini mara nyingi ni zito puani. Usiumize kichwa sana kuhusu lipi kati ya yale matatu. Mawili utakayoyaacha utayashinda kwenye mbio za mwanzo.

Hapo ndipo penye siri ya kwanza ya uchumi wa gemu hii: usinunue utakachopewa. Ule mkahawa wa ndani ya gemu, GT Café, unakupa orodha moja baada ya nyingine, kila orodha ina magari ya kukusanya, na kwa kawaida ukimaliza katika nafasi tatu za juu gari ni lako. Leseni nazo zinalipa. Kila daraja la leseni, kuanzia National B hadi Super, lina zawadi ya gari kwa aliyepata shaba kwenye majaribio yote, na gari jingine kwa aliyepata dhahabu kote. Majaribio ya National B ni mafupi mno, mengine ni kuondoka na kufunga breki tu, lakini yanakufundisha kufunga breki katika mstari ulionyooka kabla ya kona. Somo hilo lina thamani kuliko injini yoyote utakayoinunua.

Ipo pia tiketi ya kila siku. Ukiendesha umbali wa marathoni, kilomita 42.195, kwa siku moja, unapata tiketi ya bahati nasibu. Gurudumu linazunguka, gari la kifahari linapita, fungu kubwa la pesa linapita, na sindano inapenda kusimama kwenye fungu dogo kuliko yote. Ichukue ukiipata, usiipangie bajeti.

Wachezaji wa zamani watakukumbusha kuwa thamani ya krediti iko mikononi mwa watengenezaji. Gemu ilitoka tarehe 4 Machi 2022, na mwezi uleule sasisho moja likapunguza zawadi za mbio kadhaa ambazo watu walikuwa wakizirudiarudia. Kelele zikawa kubwa, Kazunori Yamauchi wa Polyphony Digital, kampuni inayoitengeneza gemu, akaomba radhi, wachezaji wakapewa krediti 1,000,000, na sasisho la Aprili likapandisha zawadi. Kuuza gari nako hakukuwepo kabisa hadi Novemba 2022. Leo unaweza kuuza, ila hurudishiwi ulicholipa, kwa hiyo gari lililonunuliwa kwa papara bado ni hasara.

Turudi kwenye namba. Umeona mbio za PP 600 na una gari la PP 560. Una nafasi ya alama 40, na alama hizo ni kama pesa ya matumizi: ukizila zote kwenye injini, hutakuwa nazo za kitu kingine. Mimi ninaanza na matairi. Yapo ya aina tatu kuu, ya starehe, ya michezo na ya mashindano, na kila aina ina gumu, la kati na laini. Kutoka kwenye tairi la starehe kwenda la michezo PP inapanda, lakini utaisikia kwenye kila kona, na utafunga breki mita kadhaa mbele zaidi ya ulivyozoea. Kinachofuata ni kupunguza uzito, maana uzito ukipungua unasaidia kuondoka, kusimama na kukata. Injini iwe ya mwisho, kwa alama zitakazobaki.

Na kama umezidisha? Dukani kuna kifaa cha kubana nguvu za injini na kuna uzito wa ziada wa kubebesha gari, vyote vya bei ndogo. Kwa anayeanza ningebana nguvu kwanza na kuacha matairi mazuri mahali pake, hasa kwenye uwanja wenye kona nyingi. Uwanja wenye nyoofu ndefu unataka hesabu tofauti kidogo, kwa sababu pale wenye farasi watakuacha.

Nilisema PP haizibi pengo lote. Namba ni makadirio tu. Magari mawili ya PP 600 yanaweza kutofautiana sekunde kadhaa kwa mzunguko, moja likiwa tulivu na jingine likikupigania kila dakika. Tena katika Gran Turismo 7 hata kugusa gia au mkandamizo wa hewa kunaweza kuisogeza namba juu au chini, na wapo mafundi wanaoishi kwa kutafuta mianya hiyo. Anayeanza haimhusu. Chukua gari moja, lizungushe mizunguko mitano kwenye uwanja unaoujua, andika muda wako, badilisha kitu kimoja, rudia. Gari linalokupa muda uleule kila mzunguko ni bora kuliko linalokupa muda mzuri mara moja na ukuta mara nne. Kule Tokyo, ambako kuta ziko pande zote mbili, tofauti hiyo ni zile 275,000.

Jambo dogo la mwisho, ambalo limewarudisha wengi gerejini. Gari la mtumba linakuja na oili iliyochoka, injini haitoi nguvu zake zote, na PP unayoiona inafuata hali hiyo. Ukilipanga gari likatulia kwenye 600 kamili halafu ukaenda kubadilisha oili, nguvu zinarudi, namba inapanda, na mlango wa mbio za 600 unafungwa mbele yako. Badilisha oili kwanza, ndipo uanze kuhesabu.