Premiamu si petroli isiyo na ethanoli

"Mimi natia premiamu tu, ile haina ethanoli." Msimu huu nimeisikia kauli hiyo hadi imenichosha. Natengeneza injini za boti hapa Florida, na karibu kila anayeniletea kabureta iliyoziba huanza kwa kuniapia hivyo.

Oktani na ethanoli, ile pombe inayochanganywa na petroli, ni vitu viwili mbalimbali. Ile 93 ya premiamu kwenye pampu ni oktani, yaani inaeleza jinsi petroli inavyostahimili mgandamizo bila kuwaka kabla ya wakati wake. Haisemi imechanganywa na nini. Tena ethanoli yenyewe hupandisha oktani! Soma kibandiko cha pampu: kikitaja ethanoli asilimia 10 au pungufu, hiyo ni E10, hata ukiilipia ghali. Unayoitafuta huku ni REC-90, petroli isiyo na ethanoli yenye oktani 90. Iulizie marina, kwenye maegesho ya boti, au kwenye vituo vya mafuta vilivyo karibu na maji. Mara nyingi ina mpira wake wa kujazia peke yake.

Huamini kibandiko? Pima, lakini nje, mbali na moto. Mimi nina chupa nyembamba ya kioo yenye alama. Natia maji mililita 10, naongeza petroli mililita 90, nafunga, natikisa, naiacha itulie. Petroli ikiwa safi, maji yanabaki pale pale kwenye 10. Ikiwa na ethanoli, ethanoli inahamia kwenye maji na mstari unapanda. Mteja mmoja alileta premiamu yake kwenye dumu, mstari ukavuka 16. Aliuangalia kwa muda, kisha akaniuliza REC-90 inauzwa wapi.

Ninalisisitiza hili kwa sababu ya maji. E10 hubeba maji kidogo tu, kama nusu asilimia. Yakizidi hapo, maji na ethanoli hujitenga na petroli na kuzama chini ya tangi, pale pale injini inaponyonyea.

Ikishafika hapo, usinunue dawa ya chupa. Hakuna inayoirudisha petroli iliyokwisha kujitenga. Toa yote, safisha tangi, badilisha filta. Dawa ya kutunza petroli hutiwa kwenye petroli mpya, kabla boti haijawekwa kwa muda mrefu bila kutumika.

Wengine wanadhani E10 inaua kila injini. Hapana, watengenezaji wengi wanaikubali, na anayekwenda baharini kila wiki anaimaliza kabla haijaharibika. Iliyokatazwa na sheria ya Marekani kwenye boti ni E15, yenye ethanoli hadi asilimia 15, ile wanayoiuza kwa jina la Unleaded 88. Ila boti ya zamani yenye tangi la fiberglass usiipe ethanoli kabisa, huyeyusha rezini ya tangi.

Na REC-90 nayo huzeeka, wala haizuii mvua kuingia. Boti ikifika kwangu, kitu cha kwanza ninachokagua ni mpira wa kifuniko cha tangi. Ukiwa umepasuka naubadilisha siku hiyo hiyo, kabla sijagusa injini.