"Mmemchomoa mashine, mmemuua"

Mimi ni daktari, na nimeambiwa hivi tena wiki hii, na mtoto mkubwa wa marehemu, mbele ya wadogo zake. Maneno haya sasa nayajibu kwa maandishi.

Mashine ya kupumulia haitibu. Inasukuma hewa kifuani wakati sisi tunapambana na nimonia au chochote kilichomwangusha mgonjwa. Figo zikishafeli, ini likafuata, na dawa ya kupandisha presha imefika mwisho wa dozi huku presha inazidi kushuka, mgonjwa anakufa kwa ugonjwa wake, mashine iwepo isiwepo.

Lakini linaloniudhi zaidi ni swali letu wenyewe madaktari: "Mnataka tufanye kila kitu?" Mtoto gani atajibu hapana? Hicho kila kitu tunakificha. Moyo ukisimama, ni kubana kifua sentimita 5 hadi 6 kwenda chini, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Kwa bibi mwenye mifupa dhaifu mbavu huvunjika, unazisikia chini ya kiganja. Kijana aliyepigwa na umeme namshindilia bila kusita. Yule ambaye moyo umesimama kwa kuwa viungo vyote vimeshachoka, nikiurudisha utasimama tena muda si mrefu. Kuacha kumbana kifua huyo si kumtelekeza: mofini, dawa ya maumivu, inaendelea, mdomo unalowanishwa, anageuzwa, ndugu wanaingia kumsomea Yasini au kusali naye.

Wanaosema dini inakataza: Papa Pio XII aliwaambia madaktari wa usingizi mwaka 1957 kwamba hakuna wajibu wa kutumia njia zisizo za kawaida kurefusha uhai. Baraza la Fiqhi (sheria) ya Kiislamu, lilipokutana Amman, Jordan, 1986, liliruhusu mashine iondolewe ubongo wote ukithibitishwa kufa, hata kama moyo bado unapiga. Mengine kawaulizeni padri na shehe wenu.

Shaka ipo, na ni yetu pia. Moyo ukisimama ukarudi, tunasubiri angalau saa 72 kabla ya kusema kama ubongo utapona, na hata hapo mabaki ya dawa za usingizi yanaweza kutupotosha. Ndiyo maana ndugu aliyeko Muscat akipiga simu, "Msiguse kitu mpaka nifike," simwoni mkorofi. Nampa taarifa zilezile walizopewa wenzake, tunapanga siku na vitu vya kuangalia: mkojo, presha, mboni za macho. Mara nyingi ubishi unaishia hapo. Usipoisha, mashine haiguswi, na kesho yake tunakaa tena.