Biskuti za chokoleti na nanaa kwa Krismasi: ukiokea Moshi, ukiokea Arusha

Mapishi mengi ya biskuti hizi yameandikwa kwa majiko yaliyo karibu na usawa wa bahari, katika nchi ambazo Desemba ni baridi. Huku kwetu yote mawili hayapo. Moshi mjini iko kwenye mita 800 na ushee, na joto la mchana Desemba hupita nyuzi 30. Arusha mjini inakaribia mita 1,400, ambako maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Kwa hiyo Moshi adui ni siagi inayoyeyuka kabla ya wakati wake, na Arusha adui ni hewa nyepesi. Anayetoka Dar es Salaam kupanda nyumbani Marangu au Machame, miteremkoni mwa Kilimanjaro, kwa sikukuu naye ahesabu hivyo hivyo: jiko limebadilika, kipimo lazima kibadilike.

Naanza na vipimo vya Moshi, vinavyotoa biskuti 28 hadi 30: unga wa ngano gramu 190 (ule wa kawaida, si uliotiwa bekingi pauda tayari), kakao gramu 50, bekingi soda nusu kijiko cha chai, chumvi robo kijiko, siagi gramu 150, sukari gramu 190, yai moja la gramu 50 na chokoleti nyeusi gramu 100 iliyokatwakatwa. Pima kwa mizani. Kikombe cha unga ulioshindiliwa na kikombe cha unga uliochekechwa hupishana kiasi cha kuharibu trei nzima. Mayai ya kienyeji huwa madogo, hivyo likipungua jazia maziwa hadi gramu 50.

Sukari yetu ya kawaida, pamoja na ile ya kiwanda cha TPC inayotoka kwenye miwa ya kusini mwa Moshi, ina chembe kubwa. Ukiitia ilivyo, biskuti hubaki na mchanga mdomoni. Izungushe kwenye blenda sekunde chache, ukome kabla haijawa poda. Sukari laini sana huyeyuka haraka na biskuti husambaa kama chapati.

Sasa nanaa, ambayo ndiyo huwashinda wengi. Kukatakata majani mabichi na kuyatupa kwenye donge ni kupoteza majani. Kwenye oveni hugeuka meusi na kuacha ladha ya nyasi zilizochemshwa, kwa sababu harufu ya nanaa ni mafuta mepesi yanayopaa kwa joto. Mafuta hayo hukaa vizuri ndani ya mafuta mwenzake, kwa hiyo mahali pake ni kwenye siagi. Chukua siagi gramu 170, iyeyushe kwa moto mdogo, zima, tia majani gramu 25 yaliyooshwa na kukaushwa kabisa, kisha funika nusu saa. Siagi iwe na moto wa nyuzi 55 hadi 60, isichemke. Chuja, kamua majani, pima tena: unahitaji gramu 150, zilizopungua zimenywewa na majani. Weka bakuli juu ya maji baridi ukikoroga hadi siagi iwe nzito kama uji mzito. Ukiiacha igande yenyewe, maji yake hujitenga chini na donge halishikani sawasawa.

Kabla ya hapo, tafuna jani moja uvute pumzi kwa mdomo. Ukisikia baridi kali hadi puani, lina mentholi, yaani kile kinacholeta ubaridi, ya kutosha. Ukisikia utamu na harufu tu, hiyo ni nanaa ya chai, ambayo harufu yake inatokana hasa na karvoni, kiini kingine cha harufu. Itanukia vizuri lakini haitaleta ule ubaridi. Hapo ongeza matone 6 ya mafuta ya pepaminti, yale yaliyoandikwa kwamba ni ya chakula. Yale ya kuchulia au kujifukizia usiyatie kabisa. Arki ya pepaminti ni hafifu zaidi, kijiko kimoja cha chai kinatosha. Ukizidisha, watu watasema biskuti zina ladha ya dawa ya meno, na watakuwa na haki.

Piga siagi na sukari dakika mbili tu. Hewa ikizidi, biskuti huinuka kisha huanguka, na Arusha huanguka vibaya. Tia yai na matone ya pepaminti, halafu unga uliochekechwa pamoja na kakao, soda na chumvi, mwisho chokoleti. Komesha kukoroga mara unga mkavu unapopotea.

Kuhusu kakao, soma pakiti. Ya asili ina uchachu, na uchachu huo ndio unaoamsha bekingi soda. Ikiwa imeandikwa alkali, au E500 au E501, uchachu umeshaondolewa. Tumia bekingi pauda kijiko kimoja cha chai badala ya soda, la sivyo soda itabaki bila kazi na utaionja. Na magadi ya sokoni yanayolainishia maharage si mbadala. Ni makali kuliko bekingi soda na yataleta ladha ya sabuni.

Kwa Arusha, na vijiji vya mlimani vya kimo hicho, punguza soda kwa robo, punguza sukari gramu 15, ongeza unga gramu 15. Hewa ikiwa nyepesi, gesi ndani ya donge hutanuka zaidi na maji hukauka mapema, sukari inabaki nzito na kuulegeza ukuta wa biskuti kabla haujashika. Moto uwe nyuzi 185 badala ya 175, na dakika moja ipungue.

Moshi usiharakishe friji. Gawa donge katika matonge ya gramu 25, yalaze kwenye friji saa moja au zaidi, na usiyapange kamwe juu ya trei iliyotoka motoni. Acha sentimita 5 kati yao. Oka kwa nyuzi 175 dakika 10, ukigeuza trei kwenye dakika ya sita, maana oveni nyingi za gesi huunguza nyuma. Kwa oveni ya mkaa, makaa mengi yawe juu na machache chini.

Kakao inaficha rangi, kwa hiyo usisubiri ziwe kahawia. Tazama kingo: ziwe kavu na zisizong'aa, huku katikati pakionekana pabichi kidogo. Zitoe, ziache dakika tano juu ya trei zijimalizie. Ukisubiri katikati pakauke ndani ya oveni, kesho utakuwa na matofali.

Ukitaka kuzipaka chokoleti juu, yeyusha gramu 150 na kuitia ladha kwa mafuta ya pepaminti peke yake, matone 3. Arki ina maji au spiriti, na tone moja la maji huifanya chokoleti iliyoyeyuka igande kama udongo. Pipi za nanaa zilizopondwa zinyunyizwe chokoleti ikiwa karibu kukauka. Ndani ya oveni huyeyuka na kunata kwenye trei.

Zihifadhi kwenye kopo lake, mbali na biskuti za nazi au vanila, kwani kwa usiku mmoja kopo zima litanuka nanaa. Za kusafiri na basi la mchana usizipake chokoleti: siagi ya kakao huyeyuka kwenye nyuzi 34 hivi. Ikiyeyuka na kuganda tena hutoka weupe juu. Huo ni mafuta, si ukungu, na biskuti bado inalika.