Je, wajua kwa nini mstari wa Zaburi ya 111 umechongwa kwenye mlango wa maabara ya fizikia?

Sisi wa Moshi tumezoea kuamka, mawingu yakiwa yametanduka, na kukiona Kibo, kilele cha Mlima Kilimanjaro, kikiwa cheupe. Tarehe 11 Mei 1848 Johannes Rebmann, mmisionari Mjerumani aliyetokea Rabai karibu na Mombasa, alidhani kwanza kuwa ameona wingu. Mwongozaji wake wa njia aliuita weupe ule "baridi" tu. Alipoketi kupumzika alisoma Zaburi ya 111, ambayo ndiyo aliyokuwa amefikia katika usomaji wake, na ambayo mstari wake wa pili wasema kuwa matendo ya Bwana ni makuu, na wanaopendezwa nayo huyachunguza.

Habari zake kuwa mlima ule una theluji zilipochapishwa mwaka 1849, mwanajiografia William Desborough Cooley wa London, aliyeijua Afrika kwa vitabu, alizikataa katakata. Wapo wanaousimulia ubishi huo kama vita vya dini na sayansi, jambo ambalo naona si haki, kwa kuwa uchaji wa Rebmann haukumfanya aaminiwe, wala elimu ya Cooley haikuiyeyusha theluji. Ilibidi watu wapande. Mwaka 1862 Karl Klaus von der Decken na Otto Kersten walifika juu ya mita 4,000, wakathibitisha kuwa theluji ipo. Sababu yake yafahamika: hewa hupoa kwa takribani nyuzi 6 kila unapopanda mita 1,000, na Kibo kina mita 5,895.

Mwaka 1874 Chuo Kikuu cha Cambridge kilifungua Maabara ya Cavendish chini ya James Clerk Maxwell, mwanafizikia aliyekuwa Mkristo wa dhati, na mstari uleule wa pili ukachongwa kwa Kilatini kwenye milango yake ya mbao. Kwa muumini kama yeye, kupima umeme na mwanga kulikuwa namna ya kuyatazama kwa makini matendo ya Muumba, na kipimo cha ovyo kingekuwa utovu wa heshima. Hata hivyo mlango huo haukumuuliza mtu imani yake. Katika maabara hiyo J. J. Thomson aligundua elektroni, chembe ndogo iliyomo ndani ya atomi, mwaka 1897, na mwaka 1953 Francis Crick, ambaye hakuamini kuwa Mungu yupo, alishirikiana na James Watson kubaini umbo la DNA, molekuli inayobeba taarifa za urithi. Maabara ilipohamia majengo mapya katika miaka ya 1970, mstari huo uliwekwa tena mlangoni, safari hii kwa Kiingereza.