Injekta za Corolla za zamani: tunayoaminishwa na ukweli wenyewe

Natumia Corolla 110 yenye injini ya 5A-FE, na kitu kinachoniuma ni kuona mtu ananunua injekta (vile vinavyopulizia petroli kwenye silinda) za mtumba pale Gerezani, Dar, wakati za kwake hazina shida yoyote. Na mimi yalinikuta. Fundi alisikiliza gari dakika mbili akasema injekta zimekufa, nikanunua nne, tukafunga, misi (silinda moja kutochoma vizuri, gari inatetemeka) iko palepale. Kuja kugundua, waya wa plagi ya tatu umepasuka, usiku ukifungua boneti unaona kabisa cheche za bluu zinarukia kwenye injini!

Kwa hiyo hii dhana ya "gari ikimisi ni injekta" tuiache jamani. Injini hizi zina distributa (inayogawa umeme kwa kila plagi), koili na waya za plagi, na mara nyingi hivyo ndo vinachoka kwanza. Toa plagi zote nne uzipange kwa mpangilio wa silinda zake. Ikiwa moja imelowa na inanuka petroli, hiyo silinda ama haipati moto ama injekta yake inavuja. Ikiwa nyeupe kuliko wenzake, inakosa mafuta au inavuta hewa sehemu, hapo sasa ishuku injekta na oringi zake, yaani vile vipete vya mpira vya kuzuia kuvuja.

"Ikigonga tik tik ni nzima." Hii imewadanganya wengi. Unaweka bisibisi ndefu kwenye injekta, mpini sikioni, unasikia inagonga, unaridhika. Ule mlio unakwambia tu umeme unafika na sindano ya ndani inacheza, haukwambii kama inapuliza ukungu au inadondosha matone. Mita nayo hivyohivyo, ukipata kama ohm 14 ujue koili ya ndani haijakatika, lakini tundu linaweza kuwa limeziba vilevile.

Kipimo ninachokiamini hakina gharama. Washa gari, iache inaunguruma, chomoa soketi za injekta moja moja. Ukichomoa injini ikayumba, silinda hiyo ilikuwa inafanya kazi, ukichomoa isibadilike kitu, umeipata yenye shida. Kama waya na plagi yake umeshahakikisha ni nzima, hamisha injekta, tuseme yenye shida ni silinda 3, ya 3 ipeleke 1 na ya 1 ilete 3, tena injini iwe ya baridi, presha ya mafuta umeitoa na oringi ni mpya, maana petroli ikirukia injini ya moto ni hatari kweli. Tatizo likihamia silinda 1 injekta ndo mbovu, likibaki 3 usinunue injekta, pima kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda).

Wengine wanasema kompyuta itakuonyesha. Kwa hizi za zamani unaunganisha matundu ya TE1 na E1 kwenye soketi ya kupimia kwa kawaya, taa ya cheki injini inakonyeza, unahesabu mikonyezo kupata namba ya hitilafu. Itakutajia sensa, ila injekta ipi imeziba haijui.

Moshi mweusi nao unalaumiwa injekta haraka haraka. Chomoa kwanza kile kimpira cha vakyumu kwenye regyuleta ya presha ya mafuta pale mwisho wa reli (bomba linalolisha injekta zote), kikiwa na petroli ndani basi regyuleta imetoboka. Angalia pia filta ya hewa na sensa ya joto la maji. Injekta inayovuja mara nyingi utaijua hivi: asubuhi gari inawaka vizuri, ukizima ikiwa ya moto ukarudi baada ya dakika 20 inasumbua kuwaka, na kijiti cha oili kinanuka petroli. Ukifika hapo usiendelee kuiendesha, oili iliyochanganyika na petroli inakula beringi.

Halafu kuna wanaoshauri umimine mafuta ya taa kwenye tangi eti yasafishe. Mafuta ya taa kwenye petroli ni uchakachuaji uleule uliofanya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji Tanzania, ianze kuweka vinasaba (alama za kutambua mafuta halali) mwaka 2010, injini itagonga na uchafu utabaki. Kuziloweka kwenye thina nako kunaharibu oringi na plastiki.

Peleka zikaoshwe kwenye mashine, na usiondoke, simama uangalie ile mirija minne ya kioo. Mafuta yanatakiwa yapande karibu sawa na kila moja ipulize ukungu. Kama baada ya kuosha mrija mmoja bado uko chini, nunua injekta hiyo moja tu, yenye namba ileile.