Mashine ya kufyekea haiwaki? Mengi tunayoambiana kijiweni siyo kweli

Masika ikianza tu kila mtu anaikumbuka mashine yake. Imekaa stoo tangu mvua za vuli ziishe, vumbi juu, nyigu kajenga kwenye tundu la egzosi, unaitoa barazani unavuta kamba mara ishirini, kimya. Jirani anapita anasema "hiyo plagi hiyo". Wa boda naye anasimama, hajazima hata pikipiki, "kabureta imekufa mkuu, hamna kingine". Mimi nafyeka kwa malipo huku Tanga, viwanja vya watu, shule, makaburi, na karibu kila uongo nitakaoutaja hapa nimeshauamini mwenyewe na nimeulipia hela.

Nazungumzia hii ya petroli ya kuning'iniza begani, yenye kichwa cha kamba ya nailoni, wengine wanafunga kisu.

"Haiwaki, basi plagi imekufa, nunua nyingine"

Inawezekana, ila mara nyingi siyo. Plagi ni shahidi tu, na kabla hujaitupa muulize shahidi ameona nini. Vuta kamba mara sita saba na choki (kile kilango cha hewa cha kuwashia) ikiwa imefungwa, halafu fungua plagi uitazame. Ikiwa kavu kabisa, kavu kama imetoka dukani, basi mafuta hayafiki kwenye silinda na hata ukinunua plagi kumi hakuna itakayowaka. Ikiwa imelowa na inanuka petroli, mafuta yanafika, tatizo ni moto, au umeshaizamisha injini kwa mafuta (hilo nalifikia). Nyeusi yenye masizi ya mafuta mafuta, mchanganyiko umezidi petroli au oili. Rangi ya kahawia hafifu ndo afya. Nyeupe kama chokaa ni injini inayopata hewa nyingi mafuta kidogo, inaungua ndani, hiyo uiogope.

Kupima moto ni rahisi, irudishe plagi kwenye kofia yake, gusisha chuma chake kwenye mapezi ya silinda, mbali na tundu ilikotoka maana tundu linatema mvuke wa petroli na watu wameshaungua nyusi, kaa kivulini halafu mtu avute kamba. Ukiona cheche ya bluu moto upo. Hamna kitu? Kabla ya kulia na koili, ile inayotengeneza umeme wa plagi, angalia swichi. Sicheki mtu hapa, nimevuta kamba dakika kumi na tano mbele ya mwalimu mkuu swichi ikiwa kwenye kuzima. Na ule waya wa swichi unapita kwenye mpini, ukichubuka ukagusa chuma injini inadhani umezima muda wote.

"Petroli ni petroli"

Hapa ndo penye ugonjwa wa mashine nyingi. Petroli inachoka. Ile sehemu nyepesi inayowaka haraka inaruka hewani kwanza, hasa kwenye joto letu hili la pwani, inabaki ile nzito nzito inayoacha utando kama gundi kwenye vitundu vya kabureta (ile inayochanganya petroli na hewa), vitundu ambavyo vingine sindano haipiti. Watengenezaji wengi wanasema mchanganyiko usikae zaidi ya siku 30 hivi, sisi tunauacha kwenye tenki toka Desemba mpaka Machi halafu tunashangaa. Kabla ya kufungua chochote mwaga yote yaliyomo, weka mapya, bonyeza kile kipira cha kuvutia mafuta kwenye kabureta mpaka uone mafuta safi yanazunguka, jaribu. Nimeokoa mashine za watu watatu kwa hilo peke yake na mmoja alishabeba ya kwake kwenda kuuza.

Halafu kuna mafuta ya chupa za maji yanayouzwa njiani. Siwezi kusema wote wanachakachua lakini uchakachuaji kwa mafuta ya taa siyo hadithi, ndo maana Tanzania mwaka 2010 EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji, walianza kuweka vinasaba (alama za kutambulisha mafuta halali) kwenye mafuta, na Kenya mwaka 2018 wakaongeza tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa ili mchezo usilipe. Injini kubwa inaweza kuvumilia kidogo ikajikohoza ikaendelea. Hii ndogo yetu yenye silinda ya ukubwa wa glasi inavuta moshi, inagoma ikiwa baridi, na wewe unalaumu plagi.

"Weka oili nyingi, ndo unailinda injini"

Mashine nyingi za namna hii ni tustroki, hazina oili yake pembeni kama pikipiki za siku hizi, oili inasafiri ndani ya petroli, hiyo hiyo ndo inalainisha pistoni. Kwa hiyo watu wanafikiri kuongeza oili ni kuongeza upendo. Sasa kwenye mwili wa mashine au kwenye kifuniko cha tenki kuna maandishi, 50:1 au 25:1. 50:1 maana yake lita moja ya petroli kwa mililita 20 za oili ya 2T, yaani ya tustroki. 25:1 ni mililita 40 kwa lita. Mashine nyingi za bei ya chini zinazokuja kutoka China zinasema 25:1, kwa hiyo usichukue kipimo cha jirani, soma chako.

Ukizidisha, oili isiyoungua inageuka masizi, inaziba njia ya kutolea moshi, inalowesha plagi. Na kitu ambacho kwa muda mrefu sikukielewa, kabureta inapima ujazo, haijui ndani kuna nini, kwa hiyo ukijaza oili zaidi petroli halisi inayoingia inapungua kidogo. Mimi natumia bomba la sindano la mililita 10 la duka la dawa, bila sindano yake, nakoroga kwenye galoni pembeni, sikorogi ndani ya tenki. Kifuniko cha soda siyo kipimo.

Upande wa pili wa uongo huu ndo mbaya zaidi: "hii kama boda tu, tia petroli tupu". Kijana niliyemuachia mashine yangu ya kwanza alifanya hivyo, mafuta yaliisha katikati ya kazi akakinga kwenye pikipiki ya rafiki yake. Ilikata nyasi vizuri tu kwa muda, akasema ilikuwa na nguvu kuliko siku zote, halafu ikapiga ukelele na kusimama. Kuwe na tahadhari pia kwa kinyume chake maana zipo foostroki, Honda GX35 kwa mfano, hiyo ina oili yake chini na petroli inaingia tupu, ukiichanganyia 2T utafyeka ndani ya wingu la moshi. Usipojua ya kwako ni ipi, tafuta kama ina kifuniko cha pili cha kujazia oili kwenye injini.

"Isipowaka endelea kuvuta, choki usiitoe"

Choki inafunga hewa ili injini baridi inywe mafuta mengi. Ukivuta ikapiga kohozi moja, "puf", ikazima, hiyo ni ishara, toa choki au iweke nusu uvute tena. Wengi hawaisikii ile puf, wanaendelea kuvuta na choki imefungwa, silinda inajaa mafuta, plagi inalowa, na kuanzia hapo haiwaki tena hata kwa maombi. Dawa: choki wazi kabisa, shika resi mpaka mwisho, vuta kamba mara kumi kumi na tano. Ikigoma fungua plagi, ikaushe kwa kitambaa, pindua mashine tundu liangalie chini, swichi ikiwa imezimwa, vuta kamba mara kadhaa itapike, iache dakika kumi ukanywe chai.

Kile kipira cha kubonyeza nacho kinasingiziwa. Watu wanaogopa kukibonyeza sana eti kinajaza injini. Kwenye mashine nyingi hakirushi kitu kwenye silinda, kinavuta mafuta toka tenki yapite kwenye kabureta, yanayozidi yanarudi tenki kwa mpira wa pili, ndo maana ipo mipira miwili. Ukibonyeza hakijai mafuta, au kinabaki kimebonyea, angalia mpira umepasuka au filta ndani ya tenki imeziba. Au fundi wako aliirudisha mipira kinyume, imeshatokea.

"Inawaka, dakika mbili inazima: nunua kabureta mpya"

Hapa nilipigwa. Mashine ilikuwa inawaka vizuri, nafyeka kama dakika tano, inaanza kuishiwa pumzi, inakufa. Naiacha, baada ya muda inawaka tena. Fundi akasema kabureta, nikanunua, tukafunga, dakika tano, ikafa. Mzee mmoja aliyekuwa amekaa tu pale na redio yake akasema fungua kifuniko cha tenki. Nikalegeza, ikasikika "fyuuu", hewa inaingia. Tukawasha, ikawaka pale pale.

Tenki inahitaji kupumua. Mafuta yakitoka hewa lazima iingie kuchukua nafasi yake, na ule mlango wa hewa ni kitundu kidogo kwenye kifuniko au kimpira kifupi chenye kizibo, vumbi na oili vikikiziba tenki inajivuta kwa ndani mpaka kabureta haiwezi kunyonya tena. Kukisafisha hakukunigharimu hata senti. Kwa hiyo ikizima ikiwa kazini legeza kifuniko kwanza (iwe imesimama, usimwagie mafuta egzosi ya moto), ikiwaka umeshamjua mwizi.

Siyo huyo? Angalia filta ya hewa, ile sponji, kama imejaa vumbi la nyasi ioshe kwa sabuni ikauke. Angalia egzosi, baadhi zina kichujio cha wavu cha kuzuia cheche, kikijaa masizi moshi unakosa pa kutokea, injini inasilensa (inanguruma bila kuvuta resi) vizuri kabisa lakini ukivuta resi inazama. Brashi ya waya inatosha. Na kama inakufa ikiwa ya moto tu, inafufuka ikipoa, pima moto wa plagi pale pale ikiwa bado ya moto, maana koili inayoanza kufa ina tabia hiyo.

Inayopanda resi yenyewe kama imepagawa halafu inakata, hiyo inanyonya hewa mahali, kwenye gasket ya kabureta au sili za kranki, ile shafti ya ndani inayozungushwa na pistoni. Usiendelee kuitumia hivyo.

"Kabureta ichokonolewe na waya, ipulizwe na kompresa"

Hapana jamani. Hizi kabureta hazina boya ndani kama za pikipiki, zina ngozi mbili nyembamba, moja inapampu mafuta na nyingine inapima. Upepo wa kompresa ukiingia bila kuzitoa unazinyoosha, kwisha habari. Waya nao unapanua tundu, na tundu likishapanuka hakuna wa kulirudisha. Fungua, toa ngozi, nyunyiza dawa ya kusafishia kabureta, kuna kichujio kidogo cha wavu chini ya mfuniko wa upande wa pampu, kama kucha ya mtoto, watu wengi hawajui hata kama kipo. Ngozi ikiwa imekakamaa kama karatasi badala ya kulegea, ulizia seti ya ngozi na gasket zake, bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na kabureta nzima.

"Ikishasetiwa imesetiwa"

Nilipata kazi Lushoto. Mashine inalia vizuri Tanga mjini, nimeipandisha toka Mombo kona zote zile, kufika juu inatoa moshi, nzito, inazima ikiachwa kwenye sailensa. Nikaanza tena habari za plagi. Kumbe Lushoto iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyembamba, petroli inayoingia ni ile ile, kwa hiyo mchanganyiko unazidi mafuta. Ukikaza kidogo skrubu za kabureta kuelekea kulia, robo ya mzunguko na chini ya hapo, unapunguza mafuta. Ila, na hii muhimu kuliko kupanda kwenyewe, ukishuka pwani irudishe, maana hewa nzito na mafuta yaliyobanwa ndo ile plagi nyeupe niliyoisema.

Wanaong'oa kile kikinga cha plastiki karibu na kichwa nao wasije kulalamika mashine haina nguvu. Kina kijiwembe cha kukata kamba ya nailoni isizidi urefu, bila hicho kamba inakuwa ndefu, injini inabeba mzigo usio wake, inachemka na kuzima kwenye nyasi za kawaida tu.

"Hii imenoki, hamna kitu"

Wakati mwingine kweli. Vuta kamba taratibu, usikie ule ubishi wa upepo ndani ya silinda. Injini nzima inakubishia mkono, iliyokwisha inavutika laini kama unavuta kamba ya kanga iliyoanikwa. Ukitaka uhakika toa egzosi uchungulie pistoni kwenye tundu lake, ikiwa inang'aa sawa, sawa. Ikiwa na mikwaruzo mirefu ya wima, hiyo imetembea bila oili na ringi zimekwenda nayo, na gharama ya silinda na pistoni fikiria mara mbili. Ile yangu ya kwanza mikwaruzo ilikuwa kama imechanwa na uma. Niliiuza kama spea, shafti nzima, kichwa kizima, na kabureta mpya kabisa ambayo haikuhitajika tangu mwanzo.